Hatua Sitini Kutoka Mtoni

Mwaka ule nilioamua kuacha kushuku watu, bibi mmoja wa mlimani alipoteza bustani yake. Naliweka jambo hili mwanzoni ili msomaji asije akadhani namwandalia kisa cha mtu aliyejirekebisha akaishi raha mustarehe. Visa vya namna hiyo sijawahi kuviamini. Nikimsikia mtu anaeleza jinsi alivyobadilika, swali la kwanza linalonijia ni nani aliyeumia wakati yeye anabadilika.

Mimi ni mtu wa kushuku. Pengine nilizaliwa hivyo na kazi ikanikomaza. Kwa miaka ishirini na kitu napokea vifurushi kwenye ofisi moja ya mabasi pale stendi ya Msamvu, Morogoro. Mtu anakuja na boksi limefungwa kwa kamba ya katani, anasema ni nguo za mtoto aliye chuoni Dodoma, nami kazi yangu ni kuuliza ndani kuna nini na kumtazama wakati anajibu. Majibu yenyewe sikuwahi kuyajali sana. Nilikuwa natazama mikono. Anayesema kweli mikono yake hukaa popote tu. Mwongo huigusagusa kamba. Nimekuta bata hai ndani ya boksi la viatu vya shule. Nimekuta nyama ya porini kutoka Kisaki imeviringishwa ndani ya kanga mpya, na dumu la asali ambalo juu lilikuwa na asali kweli, chini sitaki kusema. Sasa mtu wa kazi hiyo akirudi nyumbani, unadhani anaivua kazi mlangoni pamoja na viatu?

Mimi sikuivua. Jirani akituletea sahani ya pilau, nilimuuliza mke wangu kwa nini leo, kwa nini si wiki iliyopita, wanataka nini hawa. Mke wangu alikuwa ameshanawa mikono anakula. Aliwahi kuniambia kwamba mimi hata nikipewa salamu naigeuza nione nyuma yake kuna nini. Akacheka. Nami nikaanza kujiuliza anacheka kwa sababu gani.

Kilichonishtua ni shati. Binti yetu alipata kazi yake ya kwanza, kwenye duka la dawa hapo mjini, na mwezi ulipoisha akaniletea shati la bluu la mikono mirefu. Nililitoa kwenye mfuko. Kabla sijasema asante niligeuza kola nikasoma lebo, nikachunguza mishono ya kwapani, kisha nikalinusa nijue kama si la mtumba lililopigwa pasi. Sikufanya kwa ubaya. Mikono ilijiendea yenyewe. Binti yangu alisubiri mpaka nilipomaliza ukaguzi.

"Baba," akasema, "siku moja nataka nikuletee kitu usikinuse."

Halafu akaenda zake jikoni kwa mama yake. Nilibaki na shati mapajani nikiwa nimejaa aibu. Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Nikaanza kukumbuka vitu vyote nilivyowahi kuletewa na watu walionipenda, nikaona kwamba vyote nilivipokea kama mtu aliye zamuni. Nikasema basi, hapa lazima nibadilike.

Kubadilika nako nilikutilia shaka. Siku hizi kila simu ina mwalimu wa maisha. Mwenzangu wa ofisini alikuwa ananirushia sauti za bwana mmoja anayefundisha namna ya kuamka mapema, kunywa maji ya vuguvugu na kujipenda. Kila sauti ikifika mwisho, bwana yule anaomba utume chochote kwenye namba yake. Nilisikiliza tatu nikaacha. Kama kujipenda kunalipa hivyo, ya nini tena yeye kutuomba sisi? Nikaamua kwamba masharti yangu nitajiwekea mwenyewe.

Nilinunua daftari dogo lenye jalada gumu. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba kila asubuhi nitaandika jambo moja nililolishuku, na chini yake nitaandika maelezo mema ya jambo hilohilo. La pili, nikipewa kitu nitapokea kwa mikono miwili, nitasema asante, na sitauliza sababu. Ndiyo hayo tu. Nilijiona nimepunguza makelele yote ya kwenye simu nikabaki na kiini.

Kuhusu mwili, uamuzi haukuwa wangu. Wiki ileile nilipimwa presha ikaonekana iko juu, na muuguzi wa zahanati akaniambia nitembee kupanda mlima kila siku. Akanipa na utaratibu: hatua sitini za haraka, kisha simama, vuta pumzi, halafu sitini nyingine. Nilimuuliza kwa nini sitini na si hamsini. Akanijibu, wewe baba hesabu tu.

Zamu yangu inaanza saa sita mchana, kwa hiyo asubuhi nilikuwa huru. Nikawa natoka baada ya swala ya alfajiri, napita Boma, naishika njia ya mlimani. Sisi wa mjini tunaitazama milima ya Uluguru kila siku tukiwa tunaanika nguo, lakini wengi wetu hatuipandi. Mimi mwenyewe ni Mluguru, mama yangu alitoka Kinole, kule upande wa pili kwenye viungo na matunda, ila nimekulia mjini na Kiluguru nakisikia kwa taabu. Njiani nilikuwa nakutana na wanawake wanashuka na matenga kichwani, karoti, liki, kabichi, wanawahi soko. Wao wanashuka na mizigo, mimi napanda mikono mitupu. Walikuwa wananisalimia vizuri, halafu wakishanipita wanashusha sauti.

Kule juu hakuna mtu anayepanda bila sababu. Mtu hupanda kwa kuwa anarudi kwake, au anakwenda kumwona mgonjwa, au anafuata mboga za kuuza, au mbuzi wake amepotea. Mimi sikuwa na hata kimoja katika hivyo, tena nilikuwa na daftari.

Mwendo wa nusu saa hivi kutoka mjini njia inavuka kijito. Unakanyaga mawe matatu, unafika ng'ambo, na mara mwinuko unakuwa mkali. Hapo ndipo nilipopachagua pa kuanzia zile hatua sitini. Kwenye jiwe la mwisho nasimama, navuta pumzi, kisha naanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kwa hatua ndefu, huku macho nimeyaelekeza mbele. Ya sitini ilikuwa inanifikisha kwenye mwamba wenye kivuli. Nakaa, natoa daftari, natazama bonde na mto kule chini, naandika. Mkono wa kushoto wa njia, kuanzia ukingoni mwa maji mpaka karibu na ule mwamba, ilikuwa bustani ya yule bibi: magimbi kwenye unyevu, juu yake matuta ya kabichi, halafu ngazi mbili tatu za stroberi.

Kila mtu wa Morogoro anajua kwamba sheria hairuhusu kulima ndani ya mita sitini kutoka mtoni. Inasemwa redioni, inasemwa mikutanoni, kila mwaka maji yakipungua mjini inasemwa tena. Na mimi nilijua. Lakini niliijua kama habari ya watu wengine. Haikunipitia akilini, hata siku moja, kujiuliza mwanamume mgeni mwenye mvi anayesimama kwenye ukingo wa maji, anayehesabu sitini kwa sauti akipandisha, kisha anakaa chini anaandika huku anatazama mashamba, watu wenye bustani pale watamwona ni nani.

Dalili zilikuwepo tele. Daftari lenyewe ninalo mpaka leo na naweza kuzisoma moja baada ya nyingine. Siku ya nne nimeandika kwamba kuna mwanamume aliyeniona akatupia majani juu ya mpira wake wa kumwagilia. Nimeandika: nashuku ameuiba. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu anayejipongeza, nimeandika: pengine anaukinga na jua. Siku ya sita nimeandika kwamba watu waliokuwa wanacheka walinyamaza nilipotokea. Maelezo mema: pengine mazungumzo yao yalikuwa yameisha. Enzi zangu za kushuku, mtu angefunika mpira mbele yangu, ningeufuata mpaka mwisho nijue maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Lakini sasa nilikuwa mtu mwema.

Halafu kuna shikamoo. Yule bibi alikuwa si chini ya miaka sabini, na siku ya kwanza tuliyokutana ana kwa ana aliwahi kunisalimia yeye. "Shikamoo, mkubwa," alisema, akiwa ameinama kidogo na jembe mkononi. Mama yangu angekuwa hai angenizaba kofi kwa jibu nililotoa, maana niliitikia marahaba. Mtu mzima kuliko mimi ananiamkia, nami naitikia kama nilivyozoea. Nilijiambia ni mvi zangu, mvi zinadanganya. Ukweli ni kwamba nilisikia raha. Bibi wa miaka ile hamwamkii mtu wa umri wangu isipokuwa amemwogopa, na hilo nililijua vizuri tangu utotoni, ila nilishaweka sharti la kutochunguza.

Siku chache baadaye akanisimamisha na kunipa stroberi, amezifunga kwenye jani la mgomba. Mkono wangu ulitaka kulifungua lile jani. Nikaukataza. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema asante mama, nikaondoka bila kuuliza. Moyo ulikuwa unanidunda kwa ushindi. Nilifika nyumbani nikaziweka mezani, nikamwambia binti yangu kwamba nimepewa na mtu nisiyemjua na sikumuuliza kitu. Alizila zote akiwa amesimama, akacheka, akasema, umeona, baba? Sikumbuki mara nyingine aliyonitazama kwa fahari namna ile.

Baada ya hapo ikawa desturi. Kila wiki kulikuwa na kitu: magimbi mawili, kabichi, fungu la liki, siku moja ndizi mbivu ambazo najua hakuzilima yeye, lazima alizitafuta. Nami kila nilichopewa nilikipokea kwa mikono miwili. Nilimwona ni bibi mkarimu wa kizamani, wa aina ile tunayosema mjini kwamba hawapo tena. Niliandika daftarini kuhusu ukarimu wa watu wa mlimani, kurasa mbili nzima, ambazo leo nikizisoma nasikia joto masikioni. Humo hamna hata mstari mmoja unaomhusu yeye, anaishi na nani, anakula nini, anaogopa nini. Zote zinanihusu mimi na jinsi ninavyoendelea vizuri.

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba katika majuma yaleyale kulikuwa na mkutano wa kijiji. Watu wa serikali wanaolinda vyanzo vya maji walikuwa wametoa taarifa kwamba walio kando ya kijito wavune walichonacho wahamie juu, watakaokutwa pale na msimu mpya mazao yao yatang'olewa. Wengi walihama wakinung'unika. Bustani ya juu ni kavu, maji unabeba kwa ndoo, na stroberi hazitaki mchezo. Bibi hakuhama. Siku moja kabla ya mvua za vuli alinisubiri kwenye mwamba wangu, amekaa mahali pangu kabisa, na miche ya kabichi kwenye ungo pembeni yake. Aliinuka nilipofika kwenye hatua ya sitini. Akaniamkia, nikaitikia.

"Mkubwa," akaniuliza, "nipande?"

Nikimkumbuka naiona mikono yake. Ilikuwa inagusagusa ukingo wa ule ungo, inauzungusha, inaurudisha. Katika kazi yangu hakuna dalili niliyoijua zaidi ya ile. Mtu mwenye mikono ile mbele ya dirisha langu pale Msamvu nisingemruhusu apite mpaka aseme ni nini kinachomsumbua. Ningemuuliza kwa nini ananiuliza mimi, mimi ni nani, nani alimwambia asipande. Maswali matatu tu, nayo yangetosha. Badala yake nilitabasamu, nikatazama mawingu juu ya mlima, nikaona huyu bibi anahitaji mtu wa kumtia moyo.

"Panda, mama," nikamwambia. "Mvua hizo zimefika."

Akanishukuru kwa Kiluguru, maneno marefu ambayo sikuyaelewa, na akanikabidhi magimbi. Daftarini siku ile nimeandika kwamba neno moja jema halina gharama.

Wiki iliyofuata tulipata msiba Kisaki, upande wa mke wangu. Tukaenda, tukazika, tukakaa matanga, na kwa kuwa kule hakuna kuondoka upesi, zilipita kama wiki mbili na nusu kabla sijarudi kwenye njia yangu. Nilipokaribia kijito nilihisi kuna kitu kimeondoka kabla sijajua ni kipi. Harufu ya matuta yaliyomwagiliwa ilikuwa haipo. Nikakanyaga mawe yangu matatu, nikanyanyua macho kuanza kuhesabu, nikaona udongo mtupu. Magimbi yalikuwa yamefyekwa. Miche ya kabichi imelazwa kwenye matuta, imeshasinyaa. Kwenye ngazi za stroberi mtu alikuwa amepigilia kigingi chenye rangi nyekundu kichwani, na kingine kama hicho kilikuwa mita chache tu kutoka kwenye mwamba wangu.

Yule mwanamume wa mpira ndiye aliyekuwa karibu, anachimba mashimo kwenye shamba lake jipya juu ya njia. Nilimuuliza kumetokea nini. Hakuuficha mpira safari hii, hakuwa nao tena. Alinijibu kwa adabu, akiniita mkubwa kila baada ya maneno mawili, na kila alipolitaja lile neno nilizidi kuelewa. Wameng'oa Jumanne, alisema. Wengine wote tulikuwa tumetoka. Bibi tulimwambia ahame, vijana wakajitolea hata kumbebea udongo, akakataa.

"Alisema haondoki, mkubwa anakula kwake, na mkubwa mwenyewe amemwambia apande," akasema, na baada ya hapo akainama kwenye shimo lake.

Niliuliza wale wa vyanzo vya maji walipokuja bibi alifanyaje. Akasema aliwaambia ameshazungumza na mkuu wao. Wakamuuliza jina la mkuu huyo, hakulijua, akawaeleza tu kwamba ni mzee mwenye mvi anayepima kila siku. Wale vijana wa kazi wakacheka, wakamwambia bibi umeota, wakaendelea na kazi. Siwalaumu. Taarifa ilitolewa, na maji ya mto ule ndiyo ninayokunywa.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni kwake, nyumba ndogo ya tofali mbichi juu ya ile bustani. Nilisimama mbele yake na salamu yangu safari hii niliitoa mimi, nikasema shikamoo mama, kwa kuchelewa miezi mitatu. Hakuiitikia. Alinitazama bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira.

"Baba," akasema, "kwani nilichokuwa nakupa kilikuwa kidogo?"

Naandika hili kwa kuwa nataka kuandika kweli: nilishuka mlima. Nilimwacha pale na swali lake, nikashuka haraka, bila kuhesabu, na mchana ule nikaenda kazini nikapokea vifurushi sijui vingapi bila kuuliza chochote.

Jioni nilimweleza mke wangu na binti yangu. Mke wangu alishika kichwa. Binti yangu aliitazama meza, na nilijua anakumbuka zile stroberi. Nilimwambia nimejitahidi kuwa mtu asiyenusa vitu, kama alivyotaka. Nilisema vibaya, nilisema kwa sauti ya kumlaumu, na nikaona amelielewa hivyo. Akanijibu kwamba yeye alimaanisha mapenzi, hakumaanisha nifumbe macho. Kisha akasema nirudi nikamweleze yule bibi mimi ni nani.

Usiku ule nilifikiri sana kuhusu shaka. Ina ubaya wake, imeniharibia vyakula vya majirani na zawadi za mwanangu. Lakini ilikuwa inanifanya nimtazame mtu. Niliposhuku, angalau nilikuwa nimeelekeza macho kwake. Nilipoamua kuwa mwema niliyaelekeza macho kwangu, nikajipima kila siku, nikajipa alama nzuri, na mbele yangu mtu alikuwa anauzungusha ungo wa miche kwa hofu. Tangu hapo mtu akinieleza amejirekebisha namuuliza alipokuwa anajirekebisha alikuwa anamtazama nani. Wengi hawalipendi swali hilo. Mimi mwenyewe silipendi.

Asubuhi yake nilipanda mlima. Daftari nililiacha nyumbani, na kwenye kijito sikusimama. Nilikuwa nimebeba mbegu za kabichi na sukari kilo mbili, ila nilipomkuta mlangoni vile vitu vikanitia aibu, nikaviweka pembeni kwenye jiwe. Nilimwamkia. Akaitikia safari hii, kwa sauti ya chini. Nikachuchumaa ili nisiwe juu yake, nikamwambia kila kitu kwa utaratibu. Kwamba mimi si mtu wa vyanzo vya maji, si mtu wa serikali, napokea vifurushi vya basi Msamvu. Kwamba nina presha, na muuguzi ndiye aliyeniambia nihesabu sitini. Kwamba daftari lilikuwa la mambo yangu ya moyoni. Kwamba niliposema panda, nilisema kama mpita njia yeyote anavyosema. Nikamwomba msamaha.

Alinisikiliza mpaka mwisho akiitikia kwa kichwa. Nilifarijika, nikadhani ameelewa. Mpaka aliponisogelea na kuninong'oneza, huku anatazama njiani kama kuna anayesikia.

"Sawa, baba. Hata wao sikuwatajia jina. Mimi sitakutaja."

Nikamwambia hapana mama, hunielewi, nikaanza upya: Msamvu, mabasi, presha. Nikazidi kuitikiwa kwa kichwa. Nilimwona kabisa ananitazama mikono, nayo ilikuwa inapindapinda ukosi wa shati. Kila nilichoongeza kilikuwa kinamwongezea uhakika. Mtu asiye na kitu hawezi kujieleza kiasi kile, hata mimi nisingemwamini.

Aliniambia, kwa sauti ya mtu anayefanya makubaliano, kwamba shamba la juu amepewa kipande, ni kidogo, kiko karibu na ukingo wa bondeni, na watu wanasema huenda nako vigingi vikafika. Aliniomba nikienda huko ofisini nisimsahau. Halafu akatoa chini ya kiti magimbi matatu, ya mwisho kunusurika kwenye panga, ameyaosha udongo, akaninyooshea kwa mikono miwili.

Nilikataa. Nikamwambia siwezi, mama, haya kula wewe. Nilirudisha mikono nyuma kabisa ili asije akaniwekea. Akanitazama, akayatazama magimbi yake, akanitazama tena, kisha akainuka taratibu kwa kushika kizingiti, akaingia ndani. Nilisikia mahangaiko nyuma ya mlango, na kelele ya mbawa. Alipotoka alikuwa amemshika kuku jike mweusi, na kamba ya kumfunga miguu ameiuma kwa meno. Nyuma yake vifaranga walikuwa wanatoka mlangoni mmoja mmoja, wakimtafuta mama yao.